Zamu ya Saba

Agosti inakwisha, na sisi kumi
tumejifungia katika gereji ya Leroy Haugen, mjini Duluth,
mlango chini kwa sababu ya moshi.
Misitu ya Kanada inaungua siku ya tisa leo,
na ziwa, ambalo hutuonyesha meli za chuma
hadi ukingo wa macho,
halionyeshi hata mnara wa taa.

Tunachagua wachezaji.
Si timu ya kweli, mke wangu huwaeleza wageni,
ni timu ya karatasini: unamtwaa mtu usiyemjua,
anakimbia na mpira ule wa umbo la yai huko Texas,
nawe unahesabiwa pointi umekaa na bia.
Ni kama kuzaa kwa barua, asema.
Sijapata jibu.

Kofia ikazungushwa. Nikachomoa: saba.
Wa kwanza hula paja.
Wa kumi hupakua mara mbili mfululizo.
Wa saba hulamba sahani akajiita mwanamkakati.

Lakini nimesoma kiangazi kizima. Nina daftari.
Kanuni ya kwanza: usimpende mtu.
Ya pili: mkimbiaji akitimiza ishirini na minane
magoti yake ni deni, mwachie jirani.
Mrushaji anaweza kungoja raundi ya nane.
Mpiga teke ni wa mwisho kabisa,
kama chumvi unayoikumbuka mgeni ameshanawa.
Kanuni ya tano nimeikata kwa kalamu.
Ilikuwa ya Orrin, na kiti chake mwaka huu
amekalia mpwa wake, anayechagua kwa simu.

Redio ya Leroy haizimwi. Kati ya jina na jina
inamwaga habari kama mtu anayelisha kuku:
mayai yamepanda tena;
seneta fulani amekana maneno ya jana
kwa sauti ileile ya jana;
kuna kompyuta sasa inaandika hotuba za mazishi
(“Na kulia italia nani,” akauliza Gunnar, “printa?”);
kiwanda cha karatasi kimepata mnunuzi.

Mikono ikasimama juu ya bakuli la chipsi.
Wanne kati yetu tunakula kwa kiwanda kile.
Mnunuzi, ikasema redio, ataipitia orodha ya wafanyakazi
kwa kuzingatia umri, gharama na mahudhurio.

Nikatazama daftari langu.
Safu ya kwanza: umri.
Ya pili: gharama.
Ya tatu: michezo aliyokosa.
Mwandiko wangu mwenyewe, ile saba yangu yenye mkia.

“Maki, zamu yako. Sekunde sitini.”

Kulikuwa na kijana wa miaka ishirini na miwili,
mapafu ya farasi, aliyebaki kwa bahati tu.
Hata mpwa wa Orrin alinyanyua macho kutoka kwenye simu.
Nikasema: Cordell Whitlow.

Kimya. Halafu gereji nzima ikapasuka.
Whitlow ana thelathini na mmoja.
Goti la kushoto limefunguliwa mara mbili, kama kopo.
Msimu uliopita alikimbia
kama mtu anayetafuta funguo gizani.
“Huyo ungempata raundi ya kumi na mbili,”
Leroy akaninong'oneza, kwa huruma ya kweli.
Mchagua nazi hupata koroma;
mimi koroma nililiona, nikalinyooshea kidole.
Andika, nikasema.

Msinipambe. Raundi ya pili nilirudi kwenye kanuni,
nikakusanya watoto, magoti mapya, mmoja baada ya mwingine,
maana anayeshika mkia kwetu
hukaa saa ishirini na nne katika mkahawa wa pankeki
kando ya barabara kuu,
na kila pankeki anayomaliza inampunguzia saa moja.
Nina sukari. Siwezi kumudu mkia.

Barua za kiwanda zitatoka baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi,
juma lilelile mpira unapoanza.
Nyumbani moshi ulishaingia hadi kwenye mapazia.
Nililala chali nikimfikiria Whitlow,
pengine naye macho, barafu gotini,
asijue kwamba huku kaskazini mtu wa miaka hamsini na minane
amemchukua raundi ya kwanza.